Mbu wasioisha uani: saa wanayokuuma itakuonyesha walikozaliwa

Uani kwetu Temeke tulikuwa wapangaji sita, na kila jioni kwenye milango sita kulifuka vipande sita vya dawa ya mbu. Watoto wanakohoa, macho yanawasha, na ikifika saa nne usiku mbu bado wako palepale. Kisha siku moja fundi alikuja kupitisha bomba nyuma ya jiko, akaomba tumsogezee pipa lililokuwa pale tangu kabla hatujahamia. Tulipofunua bati lililolala juu yake tuliona maji yote yanachezacheza. Walikuwa viluwiluwi, hawahesabiki. Miezi yote ile tulikuwa tunanunua dawa ya kufukuza mbu tunaowafuga wenyewe, hatua kumi kutoka tulipolala.

Tangu hapo sitoi hata shilingi mia ya dawa kabla sijajua mbu ninaowaona wametoka kwenye maji gani.

Mbu wote huanzia majini. Jike hutaga, yai hutoa kiluwiluwi, kiluwiluwi hugeuka pupa, yule aliyejikunja kama alama ya mkato, na kwa joto la pwani yetu kazi hiyo yote huchukua siku 7 hadi 10 hivi. Dawa ya kupuliza humkuta aliyekwisha kuruka tu. Walio majini hawana habari nayo, na jioni ya kesho wanatoka wengine. Lakini pia si kila mbu anataka maji ya aina moja, na hapo ndipo hela nyingi hupotea: mtu anahangaika na mtaro wa barabarani ilhali mbu wake wametoka kwenye vifuu vya nazi nyuma ya jiko. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: wanakuuma saa ngapi?

"Wanauma mchana kweupe, hasa miguuni"

Mwangalie vizuri kabla hujamponda. Akiwa mweusi mwenye madoa meupe, na miguu yake ina pete nyeupe kama amevaa soksi za mistari, huyo ni Aedes aegypti. Hakulilii sikioni. Huja kwa chini, vifundoni na nyuma ya miguu, ukimkosa anakwepa na kurudi. Hukolea asubuhi jua likishatoka na tena alasiri kuelekea magharibi, ingawa kwenye kivuli au ndani ya chumba chenye giza huuma saa yoyote ya mchana. Ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na 2019. Chikungunya pia ni yake, na jina lenyewe ni la Kimakonde: liliingia kwenye vitabu vya tiba baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 upande wa Newala, likieleza jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa.

Huyu ndiye mbu ambaye mwenye hela kidogo anaweza kumshinda kabisa, kwa sababu mbili. Hutaga ndani ya chombo chenye maji masafi au yaliyotulia, si mtoni wala baharini. Na haruki mbali. Mara nyingi maisha yake yote huishia ndani ya mita mia moja au mia mbili. Ukimwona kwako mchana, amezaliwa kwako au kwa jirani wa ukuta mmoja.

Chukua bakuli jeupe na kata ya kuchotea, uzunguke uani polepole. Chota, mimina kwenye bakuli, subiri kidogo. Kwenye weupe viluwiluwi huonekana vizuri, na kivuli chako kikiwapitia huzama kwa kujinyonganyonga. Usitazame vyombo vikubwa tu. Kifuu kilichobaki baada ya kukuna nazi, ganda la dafu, kopo la rangi, beseni lililopasuka lenye maji upande mmoja, sahani chini ya chungu cha maua, chombo cha maji ya kuku, kiatu cha mvua cha mtoto, turubai lililobonyea, matofali ya matundu yaliyopangwa nje yakisubiri ujenzi. Tairi kuukuu ni balaa zaidi, kwa sababu hata ukiligeuza maji hubaki ndani ya mkunjo wake. Na inua macho juu: wengi wetu tumeweka matairi juu ya bati ili upepo usiling'oe, tukayasahau. Gata iliyozibwa na majani ya mwembe nayo hushika maji mwezi mzima, na hakuna anayepanda kuichungulia.

Ndani ya nyumba usiyaache maji yanayotuama chini ya jokofu, wala vile vikopo ambavyo baadhi yetu tunaviweka chini ya miguu ya kabati kuzuia sisimizi. Vya namna hiyo tia chumvi nyingi, konzi nzima, viluwiluwi hawataishi humo.

Dawa yake ni mikono. Maji yenye viluwiluwi mwaga juu ya ardhi kavu yenye jua, si mtaroni ambako watamalizia ukuaji wao. Chombo kisichotumika kitupe au kifunike kifudifudi. Tairi litoboe matundu upande wa chini au lijaze udongo upande mchicha. Kinachotumika kisugue, na hili la kusugua nitalirudia chini kwa sababu ndilo wengi hawalifanyi.

Jambo moja la afya hapa. Mtu akipata homa kali, kichwa na maumivu ya nyuma ya macho, kipimo cha malaria kikasema hana, na uani kuna mbu wa mchana, mwulizeni daktari kuhusu dengue. Wakati mnasubiri mpeni maji mengi na paracetamol. Diclofenac, ibuprofen na aspirini msimpe, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengue.

"Usiku wanalia sikioni, lakini uani ni pakavu kabisa"

Hili ndilo lalamiko la mijini hasa. Umeshageuza ndoo zote, hakuna kifuu, hakuna dimbwi, lakini giza likiingia tu wanakuja kundi zima. Ni wa rangi ya kahawia, hawana madoa ya kuvutia, na wanapenda kuzunguka masikio. Huyo ni Culex, na maji yake ni yale tusiyopenda kuyafikiria: choo cha shimo, karo, chemba, mtaro uliosimama wenye maji meusi ya kufulia na kuoshea vyombo. Maji yakioza ndiyo anayapenda zaidi.

Pima hivi. Kabla jua halijazama, funga kipande cha chandarua kikuukuu kwenye mdomo wa bomba la hewa la choo au karo, lile linalosimama juu ya paa. Kwenye ufa wa mfuniko wa chemba weka kipande cha nailoni nyeupe, upande wa chini umeupaka mafuta ya kupikia kidogo. Kaangalie asubuhi. Kama mbu wamejaa ndani ya kile chandarua au wamenata kwenye nailoni, umekwisha kupata kiwanda chao.

Tulipohamia Tabata nyumba ilikuwa na karo zuri, limejengwa vizuri, na nilikuwa tayari kuapa kwamba mbu wanatoka kwenye mtaro wa barabarani. Nilipoweka nailoni yenye mafuta, mbu hawakutoka kwenye bomba. Walitoka kwenye pembe ya mfuniko wa chemba, pembe iliyomegeka kiasi cha kuingiza vidole viwili. Nusu ndoo ya mchanga na saruji iliyobaki kwa jirani iliziba pale kwa dakika kumi. Haikuwamaliza wote, lakini usiku tuliweza kukaa kibarazani.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: ziba nyufa za mifuniko ya karo na chemba kwa saruji. Funika mdomo wa bomba la hewa kwa wavu, ukaufunge kwa waya. Chandarua cha kitambaa kinafaa kwa jaribio, ila jua litakila baada ya miezi. Kwa kudumu tafuta kipande cha wavu wa dirishani, mafundi wa madirisha huwa wanabaki na vipande. Choo cha shimo kisicho na bomba kitengenezee mfuniko wenye mpini, ukae juu ya tundu kila kinapomaliza kutumika. Bomba la bafuni linalomwaga maji nyuma ya ukuta lichimbie shimo dogo ulijaze mawe na kokoto, maji yazame badala ya kutuama.

Shimo la choo lenye maji siku zote lina njia moja nzuri sana, na ilithibitishwa hapa hapa kwetu. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimimina kwenye vyoo vya shimo punje za plastiki nyeupe iliyoumuka, ya jamii ile inayokaa kwenye boksi la televisheni. Punje huelea na kufanya tandiko zito juu ya maji. Kiluwiluwi hawezi kupandisha mrija wake kuvuta hewa, na jike hapati maji ya kutagia. Mbu wa Culex walipungua mno, na tandiko lenyewe hukaa miaka kwa sababu haliozi. Sharti lake: liwe shimo ambalo halifuriki. Kama masika maji yanapanda hadi nje, punje zitasambaa mtaani na zitaishia baharini, usizitumie.

Watu wengi humimina mafuta machafu ya gari chooni na mtaroni. Kweli yanaua viluwiluwi, kwa sababu yanafunika uso wa maji. Lakini yanazama ardhini, na mitaa yetu mingi ina visima vifupi karibu na vyoo. Maji ya kisima yakishanuka oili hakuna wa kukusafishia. Nakuomba usifanye hivyo, hata kama ni ya bure kutoka gereji.

Afadhali dawa ya kibiolojia ya viluwiluwi. Kiwanda kipo Kibaha, mkoani Pwani, kilijengwa kwa ushirikiano na Kuba, na kinatengeneza dawa ya bakteria wanaoua viluwiluwi bila kudhuru watu, kuku wala samaki. Ukiulizia, taja maji yako, maana zipo aina mbili zinazoitwa kwa vifupi vya majina ya bakteria wake: aina ya Bs hudumu vizuri zaidi kwenye maji machafu ya chooni na mtaroni, aina ya Bti hufaa kwenye maji masafi zaidi lakini hurudiwa mara kwa mara. Wapangaji mkichanga, chupa moja inafika mbali. Uliza pia ofisi ya bwana afya wa kata, kwa sababu wakati mwingine halmashauri huwa nayo.

"Kiangazi hakuna, masika ndiyo wanatuua"

Hapa angalia namna anavyotua ukutani. Akiinua sehemu ya nyuma juu, kichwa chini, kama msumari uliopigwa upande, ni Anopheles, mbu wa malaria. Kiluwiluwi wake pia anajitambulisha: hulala bapa chini ya uso wa maji, wakati wale wengine huning'inia kichwa chini. Anazaliwa kwenye maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, kama madimbwi, alama za magurudumu, mashimo tuliyochimba mchanga wa kujengea, na mifereji kati ya matuta ya mchicha mabondeni. Zamani ilisemwa anataka maji masafi tu, lakini Dar es Salaam ameonekana hata kwenye mitaro isiyo misafi.

Madimbwi ya uani fukia kwa kifusi. Usichimbe upande wa pili wa uwanja kupata udongo wa kufukia upande huu, utakuwa umelihamisha dimbwi tu. Lakini huyu, tofauti na yule wa mchana, anaweza kutoka mbali na anauma zaidi usiku wa manane, kwa hiyo usitegemee usafi wa uani peke yake: lala ndani ya chandarua chenye dawa, kisichotoboka, kilichochomekwa chini ya godoro. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu mwaka huu na nyumba ina mtoto mchanga au mjamzito, chandarua kinatangulia yote niliyoandika hapa.

"Nilisafisha kila kitu, baada ya wiki mbili wamerudi"

Kuna sababu tatu, na ya kwanza ndiyo yenye kukosesha watu usingizi. Mbu wa mchana hatagi juu ya maji. Hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia. Mayai hayo yakikauka hayafi. Hukaa miezi. Wewe unamwaga maji, unaona umemaliza, chombo kinakaa kiangazi chote kikiwa kikavu, mvua ya kwanza inakijaza, na baada ya siku chache viluwiluwi hao. Ndiyo maana kumwaga hakutoshi. Chukua makumbi ya nazi au brashi ngumu, tia sabuni na mchanga kidogo, sugua ule mstari wa maji pande zote, suuza, kisha anika chombo juani. Nguvu za mkono tu ndiyo gharama yake.

Sababu ya pili ni kwamba usafi ulifanyika mara moja. Yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10, basi chagua siku moja ya wiki na usiivuke. Sisi ilikuwa Jumamosi asubuhi kabla ya kufua, na watoto ndio waliokuwa wakaguzi, kila mmoja na bakuli lake. Macho yao yanaona vikopo ambavyo mtu mzima anavipita.

Ya tatu ni ya subira. Waliokwisha kuruka kabla hujasafisha bado wako hai, na jike huweza kuishi wiki mbili, tatu, hata zaidi. Wiki ya kwanza usione tofauti ukakata tamaa. Kipimo chako kiwe vyombo vyenye viluwiluwi: vilikuwa vingapi Jumamosi iliyopita, viko vingapi leo.

"Nimefyeka, nimepuliza, nimepanda mchaichai, hawapungui"

Nyasi hazizai mbu. Hujificha humo mchana kwa kuwa kuna kivuli na unyevu, kwa hiyo kufyeka kunawaondolea pa kupumzikia na kunakuonyesha makopo yaliyofichwa na majani. Huo ndio msaada wake. Mchaichai na kivumbasi vilivyosimama bustanini tu vinafanya kidogo sana. Kivumbasi kikichomwa au kikisuguliwa kinafukuza kwa muda, wazee wetu hawakukosea, ila hakiui kiluwiluwi hata mmoja. Programu za simu zinazodai kufukuza mbu kwa sauti hazifanyi kazi. Taa za buluu za kuunguza wadudu huua zaidi nondo na wadudu wengine, kwa sababu mbu anayetaka damu anafuata pumzi na harufu ya mwili kuliko mwanga. Mtego wa chupa ya soda yenye sukari na hamira hunasa wachache, usiununulie hamira.

Feni, kinyume chake, inadharauliwa bure. Mbu anaruka kwa unyonge. Feni ya kawaida ikielekezwa chini, kwenye miguu ya walioketi kibarazani, inawazuia kutua na inaitawanya harufu wanayoifuata. Umeme ukiwepo, ni bora kuliko kukaa katikati ya moshi.

"Maji yenyewe ni ya mgao, siwezi kuyamwaga"

Hakuna anayekuambia umwage. Mtu anayepata maji mara moja au mbili kwa wiki lazima aweke akiba, na mapipa hayo ndiyo yanayowapa mbu makazi hata kiangazi. Funika. Bati lililolazwa juu ya pipa halifuniki kitu, nilikwambia tulichokikuta chini ya letu. Tumia kanga kuukuu au wavu, uvutike kama ngozi ya ngoma, ukazwe pembeni kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kitambaa kikilegea na kugusa maji, jike atataga juu yake. Tangi la plastiki likague mfuniko na ule mrija wa kutolea maji yaliyozidi. Mdomo wake uzibe kwa wavu. Panga pia kumaliza pipa moja kabisa kabla ya kuanza lingine, ulisugue likiwa tupu, kuliko kuongeza maji mapya juu ya ya zamani mwaka mzima. Kisima kikubwa cha kuhifadhia maji ya mvua, kama si cha kunywa, kinaweza kuwekwa perege wadogo wachache, wanakula viluwiluwi.

Mapipa na matangi yanataka umakini zaidi sasa kuliko zamani. Kuna mbu wa malaria aliyetoka Asia, Anopheles stephensi, ambaye anazaliwa mjini kwenye matangi ya maji. Alionekana Djibouti mwaka 2012, baadaye Ethiopia, na mwaka 2023 Kenya ilitangaza kumkuta kaskazini mwa nchi.

"Kwangu kumekwisha, ni kwa jirani"

Mara nyingi ni nyumba inayojengwa ambayo mwenyewe yuko mbali: msingi umejaa maji, karo limechimbwa halijafunikwa, ndoo za mafundi zimesahauliwa. Usianze kwa kumshtaki. Chota maji yake kwa bakuli lako jeupe, umpelekee mlinzi au fundi aone kwa macho yake mwenyewe. Sijawahi kumwonyesha mtu viluwiluwi akabaki mbishi. Omba ruhusa umwage ndoo na ugeuze madebe, na kwa msingi au karo lililojaa mwombe namba ya mwenye nyumba umwelezee. Hapo ndipo ile chupa ya dawa ya Kibaha mliyochangia inafaa kuvuka ukuta, kwa sababu mbu wa karo lake wanalala kwenu. Akikaa kimya wiki mbili, nenda kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa, waje na bwana afya. Nenda na bakuli lako.